Nani Aliwalisha Waashi wa Inka?

Kusini mwa Ekuador, jirani na mji mdogo wa Saraguro, kuna mawe ya kujengea zaidi ya 450 ambayo asili yake si pale. Yamechongwa kwa ustadi, kingo zimenyooka, nyuso zimesawazishwa. Mwanaakiolojia Dennis Ogburn aliyapima kwa eksirei ili kujua madini yaliyomo, akayalinganisha na mawe ya machimbo mbalimbali, na mwaka 2004 akatoa jibu: yalichimbwa Rumiqolqa, kilomita 35 hivi kutoka Cusco, mji mkuu wa Wainka wa kale, nchini Peru. Kutoka huko hadi Saraguro ni kilomita 1,600 za kupanda na kushuka milima ya Andes. Baadhi ya mawe hayo yana uzito wa kilo 700.

Walioyasafirisha hawakuwa na gurudumu, wala punda, wala ng'ombe. Mnyama wao pekee wa mizigo, lama, hubeba kilo 30 hivi, na ukimzidishia analala chini na kukutemea mate. Kwa hiyo mawe yale yalikwenda kwa nguvu za watu. Na Ekuador, nchi ya volkano, haijawahi kuwa na shida ya mawe.

Ukitaka kujua Wainka walijengaje, mtandaoni utapata majibu tele, mengi ya hovyo. Kuna video zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikidai kwamba kuta za Cusco zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine, au kwamba mafundi walikuwa na dawa ya kulainisha jiwe likawa kama unga uliokandwa. Zote zinaanzia swali lilelile: jiwe la tani 100 lilisogezwaje? Mimi naona hilo ndilo swali dogo. Kubwa ni hili: watu elfu kadhaa waliokuwa wakivuta kamba mlimani, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi hadi mwezi, walikula nini, na chakula hicho kilitoka shamba la nani? Ukilijibu hilo utakuwa umezielewa kuta. Utakuwa umeelewa pia jinsi watu wachache wa bonde moja walivyopata, kwa muda wa karibu karne moja tu, himaya kubwa kuliko zote zilizowahi kuwako Amerika kabla ya Wazungu kufika.

Kodi ya jasho

Wainka waliiita dola yao Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizo pamoja: Chinchaysuyu upande wa kaskazini, Collasuyu kusini, Antisuyu kwenye miteremko ya msitu wa Amazoni, na Cuntisuyu kuelekea Pasifiki. Zote zilikutana Cusco. Ilipofika kileleni ilianzia kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile, urefu wa takriban kilomita 4,000, ikiwa na watu ambao wataalamu wengi wanawakadiria kuwa milioni 10 hivi. Dola hiyo haikuwa na sarafu, na haikuwa na maandishi ya herufi. Kodi ililipwa kwa kazi. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, iliitwa mit'a, neno lenye maana ya zamu.

Aliyekulia Upareni au Usambaani hatapata taabu kuielewa, maana ameuona msaragambo: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, mfereji unachimbwa, halafu watu wanakula pamoja. Vijiji vya Andes vilikuwa na desturi ya namna hiyo kabla Wainka hawajasikika. Walichofanya Wainka ni kuichukua kazi ya zamu ya kijiji na kuipandisha hadi ngazi ya dola, ikahesabiwa kwa makumi, mamia na maelfu ya kaya, na hesabu ikatunzwa kwenye khipu, yaani kamba zilizofungwa mafundo kwa utaratibu maalumu. Mwenye kazi hiyo, khipukamayuq, aliweza kukuambia mkoa fulani unadaiwa watu wangapi kama vile karani anavyofungua daftari.

Tunayo hesabu moja ya aina hiyo iliyosalimika kwa karibu kabisa. Mwaka 1549 maofisa wa Kihispania waliwahoji wazee wa Chupachu, jamii ya katikati mwa Peru yenye kaya zipatazo 4,000, kuhusu walichokuwa wakimpa mfalme wa Inka. Orodha waliyoitaja ni ndefu mno, na wataalamu wanaamini ilisomwa kutoka kwenye khipu. Watu 400 kwenda Cusco kujenga kuta. Watu 400 kwenda Cusco hukohuko kulima. Wafumaji 400. Watu 120 wa kukusanya manyoya ya ndege, 60 wa asali, 68 wa kulinda mji wa Huánuco Pampa, na 150 wa kulinda maiti ya mfalme Thupa Inka, ambaye alikuwa amekufa siku nyingi.

Rudi kwenye namba mbili za kwanza. Kwa kila aliyekwenda kujenga ukuta, mmoja alikwenda kulima. Siri yote ya tani 100 imelala hapo.

Ila mkono mtupu haulambwi, na Wainka walilijua hilo kuliko watawala wengi waliokuja baada yao. Aliyeitwa kwenye zamu alikuwa na haki ya kulishwa na kunyweshwa kwa gharama ya dola, tena vizuri. Huánuco Pampa, mji wa Inka uliojengwa kwenye uwanda wa baridi kali, ulichimbuliwa na Craig Morris na wenzake katika miaka ya 1970 na 1980. Una majengo karibu 4,000, lakini makaburi ni machache na dalili za wakazi wa kudumu ni haba. Katikati kuna uwanja wa mita 550 kwa 350, na pembeni mwake kumbi ndefu. Walichokiokota kwa wingi ni vigae vya mitungi mikubwa ya pombe ya mahindi, ile ambayo Wahispania waliiita chicha. Kwenye ua mmoja wenye lango moja tu na vyumba 50 vya kufanana walikuta zana za kufumia: huko ndiko walikoishi wanawake walioteuliwa na dola, aqllakuna, waliopika pombe na kufuma nguo. Mlimani juu ya mji kuna ghala 500 hivi, zimepangwa safu kwa safu. Mji mzima, ukiutazama hivyo, ni jiko na ukumbi. Watu walikuja kwa zamu, wakafanya kazi, wakanywa pombe ya mfalme, wakavishwa nguo ya mfalme, wakarudi makwao wakiwa na deni la shukrani.

Sisemi ilikuwa hiari. Nguo na pombe vilitoka kwenye jasho la hao hao waliopewa. Lakini namna ya kupewa ina uzito wake, na dola iliyotoa amri bila kutoa mtungi isingedumu mlimani hata mwaka.

Ghala mbele, jeshi nyuma

Sasa tuje kwenye kutanuka. Simulizi ya Wainka wenyewe inaanza na jirani mkorofi. Wachanka waliivamia Cusco. Mfalme mzee Viracocha akakimbia. Mwanawe akabaki kupigana. Vita vilipomwelemea, mawe ya uwandani yakageuka askari, yakapigana upande wake, kisha yakarudi kuwa mawe. Yaliitwa pururauka, na watu wa Cusco waliendelea kuyatolea sadaka kwa miaka mingi. Kijana huyo alijipa jina Pachacuti, mpindua ulimwengu. Vitabu vingi vinataja 1438 kuwa mwaka wa kutawazwa kwake, kisha mwanawe Thupa Inka Yupanqui kuanzia 1471, na mjukuu wake Huayna Capac kuanzia 1493.

Tarehe hizo zisikuzubaishe. Zilikokotolewa kutokana na masimulizi yaliyoandikwa na Wahispania baadaye. Mwaka 2021 Richard Burger wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walipima kaboni kwenye mifupa ya watu waliozikwa Machu Picchu, wakakuta watu walikuwa wakiishi pale kuanzia karibu 1420. Kama Machu Picchu ni shamba la kifalme la Pachacuti, kama inavyoaminika, basi ama alianza kutawala mapema kuliko tulivyofundishwa, au masimulizi yamechanganya mambo.

Kwa vyovyote vile, mbinu inaonekana. Kwanza walitumwa wajumbe na zawadi: nguo za qompi zilizofumwa kwa sufu laini, wake, vyeo. Mtawala wa kienyeji aliyekubali aliachwa kwenye kiti chake, wanawe wakapelekwa Cusco kusomeshwa, ambako walikuwa pia rehani. Aliyekataa aliletewa jeshi, na hapo ndipo ghala lilipofanya kazi ambayo upanga usingeweza. Jeshi la Inka lilitembea kwenye barabara zilizozidi kilomita 30,000 kwa ujumla, Qhapaq Ñan, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014 kwa niaba ya nchi sita. Kila mwendo wa siku moja au chini ya hapo palikuwa na tambo, kituo chenye malazi na akiba ya chakula. Askari hakulazimika kupora shamba la mwananchi njiani, na hivyo hakuacha maadui nyuma yake. Adui wa mbele alikuwa anapigana na chakula chake kikiisha, akimtazama mwenzake ambaye chakula chake hakiishi.

Chakula chenyewe kilikuwa cha kutunzika. Kile kiazi mviringo tunachokikaanga chipsi kila kona ya mji kilitoka huko huko Andes, na wenyeji walikuwa wamekigundulia ujanja zamani: usiku wanakianika nje kigande kwa baridi, asubuhi wanakikanyaga kwa miguu maji yatoke, wanakirudia siku kadhaa hadi kinakuwa kikavu na chepesi kama gamba. Kinaitwa chuño, nacho hukaa miaka bila kuoza. Ghala zilijengwa kwenye miteremko yenye upepo, na nyingine ziliwekewa sakafu ya changarawe na njia ya hewa chini yake. Huánuco Pampa ghala za duara zilihifadhi mahindi, za pembe nne zilihifadhi viazi.

Mkoa ukishatekwa, watu walihamishwa. Wakorofi walipelekwa mbali na kwao, na wengine waaminifu wakaletwa mahali pao, waliitwa mitmaq. Huayna Capac aliwaondoa wenyeji wengi wa bonde la Cochabamba, Bolivia ya leo, akaleta wafanyakazi 14,000 kutoka sehemu mbalimbali kulima mahindi ya jeshi. Jirani, mahali paitwapo Cotapachi, wanaakiolojia wamehesabu misingi ya ghala karibu 2,400. Waliposhinda ufalme wa Chimú pwani ya kaskazini ya Peru, karibu mwaka 1470, mafundi wake wa dhahabu walipelekwa Cusco. Duara linajizungusha lenyewe: ghala linalisha jeshi, jeshi linaleta watu, watu wanajenga ghala.

Kulikuwa na jambo jingine la kusukuma, na hili linawashangaza wengi. Mfalme akifa, mali yake haikwenda kwa mrithi wa kiti. Maiti yake ilikaushwa, ikabaki na mashamba yake, nyumba zake na watumishi wake, ikihudumiwa na ukoo wake, panaqa. Ilitolewa nje siku za sherehe, ikaketishwa uwanjani, ikapewa kinywaji. Wale walinzi 150 wa Thupa Inka ndiyo kazi yao hiyo. Mfalme mpya alipata madaraka bila shamba, ikambidi atafute lake. Pachacuti alikuwa na Pisac, Ollantaytambo na Machu Picchu. Thupa Inka akajenga Chinchero. Huayna Capac akageuza mkondo wa Mto Urubamba ili apate ardhi ya kujenga na kulima huko Yucay. Wapo wanahistoria wanaosema desturi hii peke yake ndiyo iliyowasukuma vitani. Naona wanaikuza, maana vita vilikuwa na sababu nyingi, lakini inaeleza vizuri kwa nini bonde moja lina majumba ya kifalme mengi kiasi kile.

Himaya ilikuja kugota. Kusini, karibu na Mto Maule, Wamapuche hawakuwa na mfalme wa kupewa nguo wala mji wa kutekwa, wakaishinda hesabu. Mashariki, msitu ulifanya vivyo hivyo.

Jiwe kwa jiwe

Turudi kwa fundi. Katika miaka ya 1980 msanifu majengo Jean-Pierre Protzen, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikwenda Rumiqolqa akaona kwenye machimbo kuna mawe ya mviringo ambayo si ya mahali pale, magumu, yamechubuka ncha. Yaliokotwa mitoni. Akatwaa moja la kilo 4 akaanza kuligonga bamba la andesaiti, jiwe la volkano, akagundua hahitaji kutumia nguvu: unalielekeza tu, uzito wake unafanya kazi, linadunda, unalipokea, unaliachia tena. Kwa dakika 90 alikuwa amesawazisha nyuso tatu na kunyoosha kingo tano za jiwe dogo. Kwenye kingo alibadilisha, akatumia nyundo ndogo isiyofika kilo moja, ili asimegue. Ukienda Cusco leo ukasogeza jicho ukutani utaviona vishimo hivyo: vikubwa katikati ya jiwe, vidogo vidogo kadiri unavyokaribia ukingo. Fundi alibadilisha nyundo, kama Protzen.

Na kule kukaa sawasawa hadi wembe usipenye? Hakukuwa na kipimo cha kutengenezea mawe yafanane. Jiwe la juu lilichongwa upande wa chini, kisha la chini likachimbwa kufuata umbo la lile la juu. Liweke, linyanyue, tazama vumbi limepondeka wapi, gonga pale, liweke tena. Kazi ya kuchosha, ndiyo, lakini haina muujiza. Jiwe maarufu la pembe 12 kwenye mtaa wa Hatun Rumiyoc lina pembe hizo kwa sababu majirani zake walilidai hivyo.

Mawe makubwa yaliburutwa kwa kamba. Ollantaytambo yalishushwa kutoka machimbo ya Kachiqhata ng'ambo ya mto, yakavushwa, yakapandishwa kwa njia ya mteremko iliyojengwa makusudi. Nyuso za baadhi bado zina mikwaruzo ya kuburutwa. Makumi kadhaa hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cusco mwaka 1539 kwa baba Mhispania na mama wa ukoo wa Inka, anasimulia juu ya jiwe moja lililowaponyoka wavutaji mlimani likaua maelfu, kisha likalia damu. Namba zake usizichukue kama zilivyo. Lakini anayesema jiwe lililia damu hajasahau kilichotokea kwa watu. Cieza de León, mwandishi wa Kihispania aliyepita huko karibu mwaka 1550, aliambiwa kwamba ngome ya Sacsayhuaman juu ya Cusco iliitiwa watu 20,000 kwa zamu: 4,000 machimboni, 6,000 kwenye kamba, waliobaki kwenye misingi na mbao.

Kuna kosa la kurekebisha hapa. Watu huona picha za Cusco wakadhani kila ukuta wa Inka ulikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya majengo yao yalikuwa ya mawe ya kuokota na udongo, yakapigwa lipu na kuezekwa nyasi. Pwani walijenga kwa matofali mabichi, kama Tambo Colorado, ambako rangi nyekundu na njano bado zinaonekana ukutani. Huánuco Pampa yenyewe ina mawe ya kuchongwa kwenye jukwaa la uwanjani na kwenye malango yanayoelekea nyumba ya mfalme, na kidogo sana kwingineko. Jiwe lililochongwa lilikuwa lugha ya mamlaka, na kama hati yenye muhuri halikumwagwa ovyo. Ndiyo maana kila mahali, kuanzia Ekuador hadi Bolivia, mlango ni uleule, mpana chini na mwembamba juu. Mkulima asiyejua neno la Kikechua alipouona alijua yuko mbele ya nani. Mawe ya Saraguro nayaelewa hivyo pia. Cusco ilikuwa patakatifu, na kubeba jiwe lake hadi kaskazini, alikozaliwa Huayna Capac, kulikuwa ni kuihamisha Cusco yenyewe, huku mikoa yote ya njiani ikitazama nani ana uwezo wa kuamuru upuuzi mkubwa namna hiyo ukatekelezwa.

Ustadi wenyewe haukuwa wa kujionyesha tu. Kuta zinaegemea ndani kidogo, hazina chokaa, na tetemeko likija mawe hucheza na kurudi yalipokuwa. Wahispania walijenga kanisa na nyumba ya watawa wa Santo Domingo juu ya Qorikancha, hekalu la jua. Tetemeko la 1650 liliyaharibu. La Mei 21, 1950 likayabomoa tena, na ukuta wa Inka ulio chini ukabaki umesimama. Machu Picchu mhandisi Kenneth Wright alikadiria kwamba asilimia 60 ya kazi iko chini ya ardhi: misingi, vifusi vya mawe, mifereji ya kupitishia mvua ambayo kwa mwaka inakaribia milimita 2,000. Mtalii anapiga picha asilimia 40.

Deni

Huayna Capac alikufa karibu mwaka 1527, kwa maradhi ambayo wengi wanaamini yalikuwa ndui iliyotangulia Wazungu. Wanawe Huáscar na Atahualpa wakapigana. Inasimuliwa kwamba Huáscar alitishia kuwanyang'anya wafalme waliokufa mashamba yao, na koo zao hazikumsamehe. Atahualpa alikuwa ndiyo kwanza ameshinda pale Mhispania Francisco Pizarro, akiwa na watu 168, alipomkamata mjini Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532.

Wahispania walisonga mbele kwa barabara za Inka na kula kutoka ghala za Inka. Na hawakuwa peke yao: Wakañari, Wachachapoya na Wawanka, mataifa yaliyokuwa yamechoka zamu za Cusco, walijiunga nao. Wawanka wa bonde la Jauja waliwapa lama, mahindi, nguo na wapagazi tangu mwaka 1533, kwa utaratibu uleule wa zamani, wakitarajia kwamba mkubwa anayepokea ana wajibu wa kurudisha. Kila kilichotoka ghalani kilifungwa fundo. Mwaka 1561 wakuu wao walikwenda mbele ya mahakama ya Kihispania huko Lima wakiwa na khipu mkononi, wakasoma hesabu ya karibu miaka 30: walichotoa, nani alikipokea, na, kwenye mafundo ya kando, kile ambacho Wahispania walikichukua bila kuomba.